MBWA MDOGO NYUMBANI: TUMFAHAMU KABLA YA KUMPOKEA

Somo letu la afya mwezi huu linahusu mnyama anayelala uani kwetu, anayelinda mahindi yetu dhidi ya ngedere na nguruwe pori, na ambaye watoto wetu humpenda kuliko kuku na mbuzi. Huyo ni mbwa.

Katika familia nyingi za hapa Chanika, na vijijini kote Handeni hadi Korogwe, watoto humsumbua baba: "Na sisi tupate mbwa mdogo." Wengine wameona vile vimbwa vyenye manyoya marefu vinavyoletwa kutoka Dar es Salaam, nao wanataka kama hicho. Wazazi hukubali kwa urahisi, wakidhani kwamba mbwa akiwa mdogo, basi na shida zake ni ndogo. Hapo ndipo tunapokosea. Mbwa mdogo hula kidogo na huchukua nafasi ndogo, lakini mate yake, minyoo yake na viroboto wake havipimwi kwa udogo wa mwili wake.

Lengo la somo hili si kuwatisha. Mbwa aliyetunzwa vizuri ni rafiki wa nyumba na mlinzi wa mali. Lengo ni kwamba, kabla hujampokea, umfahamu.

1. MBWA MDOGO NI YUPI?

Tunaye tayari. Mbwa wetu wa kienyeji, ambaye wengi humwita kwa dharau "mbwa koko", si mnyama mkubwa. Wengi wao hawafiki kilo 20. Ana manyoya mafupi, mwili mwembamba, na mara nyingi mkia uliopinda juu. Rangi yake ni ya mchanga, nyeusi, au ya mabaka meupe. Amezoea jua letu, anaweza kutembea umbali mrefu nyuma ya ng'ombe, na huvumilia maradhi ya kupe kuliko mbwa wageni.

Anaye ndugu maarufu katika misitu ya Kongo, aitwaye basenji. Huyu ana urefu wa sentimita 40 hivi begani, na uzito wa kilo 10 au 11. Wawindaji wa kule humtumia kufukuza wanyama waingie katika nyavu, na humfunga njuga ya mti shingoni wapate kujua alipo, kwa sababu habweki kama mbwa wengine. Hutoa sauti ya kuimba hivi. Pia jike lake hupata joto mara moja tu kwa mwaka, wakati mbwa wengine wengi hupata mara mbili. Jina lake ni ndugu wa neno letu "washenzi", yaani watu wa porini. Lakini tangu miaka ya 1930, alipopelekwa Uingereza na Marekani, watu wa huko wamempenda, wanamfuga ndani ya nyumba, na humnunua kwa fedha nyingi. Tunaona basi kwamba mbwa tunayemdharau sisi, wenzetu wanamwona ni wa thamani.

Je, wale wageni wenye manyoya marefu? Hawa wanahitaji kuchanwa manyoya kila siku, huchoka upesi kwa joto, na kupe hujificha ndani ya manyoya yao bila kuonekana. Bei yao ni kubwa na dawa zao ni nyingi. Familia yenye kipato cha kawaida isione haya kuchagua mbwa wa kienyeji.

2. MASWALI MATATU KABLA YA KUMCHUKUA

(a) Nani atamtunza? Mtoto ataahidi mengi, lakini baada ya mwezi mmoja atakayebaki na bakuli la mbwa ni mama. Baba na mama wakubaliane kwanza.

(b) Tutamtunza kwa muda gani? Mbwa mdogo akilishwa na kuchanjwa anaweza kuishi miaka 10 na zaidi. Mtoto akiwa darasa la kwanza leo, atamaliza sekondari mbwa bado yupo.

(c) Watoto wake watakwenda wapi? Jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi, yaani miezi miwili tu, na kuzaa watoto kadhaa kwa mara moja. Kuwatupa watoto hao porini au sokoni ni ukatili, na ni kuongeza mbwa wazururaji ambao kesho watarudi na maradhi. Daktari wa mifugo anaweza kumfunga uzazi mbwa wako, jike au dume.

Kumbuka pia kwamba nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumtesa mnyama, kumnyima chakula au kumwacha na majeraha bila matibabu si jambo la hiari ya mwenye mnyama.

3. KUMCHUKUA NA KUMZOEZA

Usimwondoe mtoto wa mbwa kwa mama yake kabla ya wiki 8. Akitolewa mapema hudhoofika, na huwa hajajifunza kwa ndugu zake jinsi ya kucheza bila kuuma. Chagua mwenye macho safi, asiye na tumbo kubwa lililovimba (hiyo ni dalili ya minyoo), asiye na mabaka ya upele, na anayekuja kwako bila woga mwingi.

Samaki mkunje angali mbichi. Wiki za kwanza, hadi mwezi wa tatu wa umri wake, ndipo mbwa hujifunza nani ni rafiki. Aonyeshwe watu wa namna zote: wazee wenye fimbo, akina mama wenye mizigo kichwani, watoto wanaokimbia, baiskeli na pikipiki. Mbwa anayefungwa mnyororo mfupi tangu utotoni, akipigwa na kuchokozwa, huwa mkali kwa kila mtu, hata kwa watoto wa nyumbani. Wengine hudhani mbwa apewe pilipili au apigwe ili alinde vizuri. Si kweli. Mbwa hulinda kwa sababu anaipenda nyumba yake.

Watoto nao wafundishwe sheria hizi:

- Usimguse mbwa anapokula, anapolala, au anaponyonyesha.
- Usimvute mkia wala masikio, usimpande mgongoni.
- Akinguruma, akionyesha meno au akikunja mkia katikati ya miguu, mwache. Anasema kwa lugha yake kwamba anaogopa.
- Mbwa usiyemjua akikujia, usikimbie. Simama wima kama mti, mikono chini, usimkazie macho, mpaka aondoke.
- Mtoto mchanga asiachwe peke yake na mbwa, hata mbwa awe mpole namna gani.

4. CHAKULA NA MALAZI

Ugali uliochanganywa na dagaa, mabaki ya nyama iliyopikwa, maharage kidogo na maji safi, vinamtosha mbwa wa kienyeji. Mtoto wa mbwa ale mara tatu au nne kwa siku, mkubwa mara mbili. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwani huvunjika vipande vikali na kutoboa utumbo. Vitunguu vingi, chokoleti na pombe ni sumu kwake. Usimpe dawa za maumivu za binadamu, kwani zinaweza kumharibu ini, figo na tumbo.

Awe na chombo chake. Si vizuri kumlisha katika sahani ya familia, wala kumwacha alambe sufuria jikoni. Mahali pa kulala pawe na kivuli na pakavu, mbali na mtungi wa maji ya kunywa na mkeka wa watoto.

5. MARADHI YATOKAYO KWA MBWA

Minyoo. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa na minyoo tayari, kwa sababu hupita kutoka kwa mama katika mimba na katika maziwa. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, hukaa udongoni, na baada ya wiki mbili au zaidi huwa tayari kuambukiza. Mtoto anayecheza chini na kutia vidole mdomoni huyameza. Ndani ya mwili wake viluwiluwi hao huzunguka, huweza kufika kwenye ini, mapafu, hata jicho, na kuharibu uwezo wa kuona. Kinga si ngumu: okota kinyesi cha mbwa kila siku na kukifukia au kukitupa chooni, kabla mayai hayajakomaa. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na wavae viatu. Mbwa apewe dawa ya minyoo tangu akiwa na wiki mbili, kila baada ya wiki mbili hadi afike miezi mitatu, halafu kila baada ya miezi mitatu. Muulize bwana mifugo kipimo kinachofaa uzito wake.

Tegu wa mbwa. Huyu ni mdogo sana, milimita chache tu, lakini madhara yake ni makubwa. Mbwa humpata kwa kula mapafu au maini mabichi ya mbuzi, kondoo au ng'ombe yenye vifuko vya maji. Mtu akimeza mayai kutoka kwa mbwa huyo, vifuko kama hivyo huota katika ini lake au mapafu yake, polepole, kwa miaka, mpaka apasuliwe. Ndugu zetu wafugaji, mnaochinja karibu na nyumba, msimtupie mbwa maini na mapafu yenye malengelenge. Yachomeni au yafukieni chini sana.

Viroboto, funza, kupe na upele. Funza wanaoingia vidoleni mwa watoto huingia pia katika nyayo za mbwa. Ukimtibu mtoto na kumwacha mbwa, funza watarudi. Upele wa mbwa nao huweza kumwasha mtu. Fagia na nyunyizia maji sakafu ya udongo, mwogeshe mbwa, mkague masikio na katikati ya vidole kila wiki, na kupe usiwapasue kwa kucha.

6. KICHAA CHA MBWA

Sasa nawaomba, akina baba na akina mama, msome sehemu hii kwa makini, na asiyejua kusoma asomewe.

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia kwa kuumwa, kwa kukwaruzwa, au mate yakigusa jeraha, jicho au mdomo. Duniani hufa watu wapatao 59,000 kila mwaka, na kwa Tanzania wataalamu wamekadiria vifo 1,500 hivi kwa mwaka. Karibu wote waliumwa na mbwa. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Virusi husafiri polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Mara nyingi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Katika muda huo mtu ni mzima, anacheza, anakwenda shule. Dalili zikishaanza, yaani homa, kuwashwa au ganzi mahali palipoumwa, kuogopa maji na upepo, kuchanganyikiwa, basi hakuna tiba. Karibu wote hufa kwa siku chache. Ndiyo maana tunasema kinga ni bora kuliko tiba. Na kwa ugonjwa huu, kinga ndiyo tiba pekee.

Nimemuuguza mtoto wa darasa la pili aliyeletwa wodini akikataa maji. Kila kikombe kilipokaribia, koo lake lilikaza na mwili ukatetemeka. Tulipouliza kama ameumwa na mbwa, mama alikataa. Baadaye bibi ndiye aliyekumbuka: wiki sita nyuma, mtoto wa mbwa waliyepewa na jirani alimparua kwa meno kidoleni walipokuwa wakicheza. Yule mbwa alikufa siku chache baadaye, wakadhani ni minyoo. Mama alisema maneno ambayo wauguzi tumeyasikia mara nyingi: "Lakini nesi, alikuwa mbwa mdogo tu." Mtoto alifariki siku ya tatu. Kidole hakikuwa hata na kovu.

Kwa hiyo fahamuni: mtoto wa mbwa wa miezi miwili au mitatu anaweza kuwa na kichaa. Tena si kila mbwa mwenye kichaa ni mkali. Wapo wanaokimbia ovyo na kuuma kila kitu, hata mawe na miti. Lakini wapo wanaonyamaza, wanajificha, taya linalegea, mate yanachuruzika, na sauti inabadilika. Mwenye nyumba hudhani mfupa umekwama kooni, akaingiza mkono ili autoe. Usifanye hivyo kamwe. Mfungie mahali bila kumgusa, uite bwana mifugo.

Chanjo ya mbwa. Mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Wakati wa kampeni hata wale wa chini ya miezi mitatu hupewa, msiwaache nyumbani. Kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, huadhimishwa duniani kuwa siku ya kichaa cha mbwa, na sehemu nyingi hutoa chanjo karibu na siku hiyo. Pasteur ndiye aliyempa mtu chanjo hii kwa mara ya kwanza, Julai 1885, mvulana wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, naye akapona.

Mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Hili limeonekana karibu nasi, kisiwani Pemba. Chanjo ya mbwa ilikomesha kichaa mwaka 2014. Ulipolegea uangalizi, kikarudi mwaka 2016. Wakachanja tena, na kufikia mwishoni mwa 2018 kikakoma. Ikiwa Pemba wameweza, Handeni tutashindwa?

7. MTU AKIUMWA, FANYA HIVI

Kwanza, papo hapo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine kwa kata au dumu, mwingine aoshe. Sabuni ya kufulia inafaa. Jambo hili peke yake huondoa virusi vingi.

Pili, paka iodini au spiriti kama ipo. Usipake majivu, majani, mafuta ya taa, pilipili, wala manyoya ya mbwa aliyeuma. Usilifunge jeraha kwa kulibana.

Tatu, nenda zahanati au hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo, hata kama mbwa ni wenu. Utapewa chanjo kwa siku zilizopangwa, na kama jeraha ni kubwa, dawa nyingine ya kuchomwa kwenye jeraha lenyewe, pamoja na kinga ya pepopunda. Mama mjamzito na anayenyonyesha wanaweza kuchanjwa bila hofu. Kama kituo kimoja hakina dawa, usirudi nyumbani, ulizia kingine. Sindano ya kwanza haitoshi: maliza zote.

Nne, mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe salama na kutazamwa kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, mate yake hayakuwa na virusi siku aliyouma, na daktari anaweza kusimamisha chanjo. Akiugua, akifa au akitoroka, endelea mpaka mwisho. Lakini usingoje siku 10 ndipo uanze.

Wazazi wengi husema chanjo ya mtu ni ghali na hospitali ni mbali. Ni kweli. Nimeona familia ikiuza mbuzi ili kupata nauli na dawa. Lakini chanjo ya mbwa mmoja ni nafuu mara nyingi kuliko sindano za mtu mmoja. Anayechanja mbwa wake anaokoa mbuzi wake, na zaidi ya hapo, mtoto wake na wa jirani.

8. MBWA NA MAJIRANI

Hapa kwetu tunaishi na ndugu zetu Waislamu ukuta kwa ukuta. Kwao mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi si ujirani mwema kumwacha mbwa wako akalale kwenye mkeka wa jirani, akanywe katika ndoo yake, au amrukie mtu anayekwenda kuswali. Mzuie uani. Mbwa anayekaa kwake hana ugomvi na majirani, tena hakutani na mbwa wagonjwa mitaani.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu kuna mbwa wangapi? Wangapi wamechanjwa mwaka huu, na cheti kiko wapi?
2. Mtoto akiumwa leo jioni, nani atamwosha, kwa sabuni ipi, na atapelekwa wapi?
3. Kinyesi cha mbwa wetu kinakwenda wapi?
4. Je, watoto wetu wanajua kwamba hawatapigwa wakisema wameumwa na mbwa? Watoto wengi huficha kwa kuogopa kwamba walimchokoza. Mtoto anayeficha jeraha huenda akapoteza maisha yake.

Baada ya mazungumzo, jumuiya ichague watu wawili wakamwone bwana mifugo wa kata, waulize siku ya chanjo, na warudi na jibu. Siku hiyo kila mwenye mbwa amlete amefungwa kamba, mkubwa na mdogo, na hasa mdogo.